Schnabel anakosea noti waziwazi. Kwa nini bado tunaelekezwa kwake?

Mwl_Vidole, Morogoro

Habari za jioni wanajukwaa, na shikamooni wakubwa.

Nafundisha piano hapa Morogoro. Wanafunzi wangu wengi wametokea kwenye kwaya: noti wanasoma, solfa imewakaa kichwani, ila Beethoven wanakutana naye kwangu kwa mara ya kwanza. Nina binti mmoja wa kidato cha tatu, mwenye sikio zuri kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Nimempa sehemu ya pili ya sonata ya Opus 13 (yaani kazi yake namba 13), ile Adagio cantabile, ya polepole na ya kuimba. Mwalimu wangu wa zamani alikuwa akisema anayetaka kumjua Beethoven aanze kwa mpiga piano Artur Schnabel, basi nikamtumia binti zile rekodi za miaka ya 1930.

Aliporudi, hakuwa na swali la Adagio. Simu ilikuwa imeendelea kucheza yenyewe mpaka ikafika Opus 106, na akaniuliza: "Mwalimu, huyu mzee mbona anagonga noti ambazo hazipo?" Nikaenda kusikiliza kwa utulivu. Kweli, pale mwanzo anakimbia mpaka noti zinamponyoka, na juu ya yote kuna mchakacho kama wa mafuta yaliyomiminiwa unga wa vitumbua.

Sasa naomba msaada kwa mambo mawili. Kwanza, rekodi hizi zina nini hasa hata tuwape watoto leo, wakati zipo za kisasa zilizo safi kabisa? Pili, huwa nasoma kwamba Schnabel alifundishwa na fulani, aliyefundishwa na fulani, mpaka unafika kwa Beethoven mwenyewe. Je, ukoo huo wa walimu una maana yoyote, au ni sifa tu za kwenye majalada ya sahani za santuri?

Pedali_ya_Kulia, Dar es Salaam

Marahaba, Mwalimu. Kwanza mpe huyo binti pongezi zangu, maana mwenye kusikia noti ambayo haipo ndiye atakayesikia ile iliyopo. Nimeishi na rekodi hizi kwa muda mrefu na nazipenda sana, kwa hiyo nivumilie nikiandika marefu.

Tuanze na namna zilivyotengenezwa. Schnabel alirekodi sonata zote 32 za Beethoven kati ya 1932 na 1935 kwenye studio za Abbey Road, London. Studio zenyewe zilikuwa mpya, zilifunguliwa Novemba 1931. Hakuna aliyekuwa amewahi kurekodi sonata zote 32 kabla yake. Yeye mwenyewe alikataa kurekodi kwa miaka mingi, na Fred Gaisberg wa kampuni ya HMV ndiye aliyemshawishi mpaka akakubali. Sahani ziliuzwa kwa wanachama waliolipa kabla, kwa sababu kampuni haikuwa na uhakika kama watu wangenunua Beethoven mwingi kiasi kile.

Wakati huo sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye nta. Upande mmoja wa sahani kubwa ulibeba dakika nne na kitu hivi, basi. Ukikosea dakika ya nne, hakuna kukata kipande na kuunga kingine, kwa sababu utepe wa sumaku uliingia studio baada ya vita. Unaitupa nta na kuanza upande mzima upya. Na sehemu ndefu, mfano ile ya pili ya Opus 111, ilibidi ikatwe vipande: mpigaji anafika mahali, anasimama, mafundi wanaweka nta nyingine, anaendelea kutoka palepale na moto uleule. Mfululizo unaousikia kwenye simu umeunganishwa na mafundi waliokuja baadaye. Kwa hiyo kila dakika nne za Schnabel ni mtu aliyekaa mbele ya piano akapiga kuanzia mwanzo hadi mwisho wa ule upande, na alichokipiga ndicho ulicho nacho. Mchakacho ni wa sahani yenyewe. Mwambie binti ausikilize kwa muda, sikio litauzoea na kuuacha nyuma.

Sasa hiyo Opus 106. Beethoven aliandika mwenyewe kipimo cha metronomu (kifaa cha kupimia mwendo) pale mwanzo: mapigo 138 kwa dakika, kila pigo ni noti ya nusu. Wapigaji wengi wanapunguza, na wana sababu, kwa kuwa kipande kinaanza kwa mkono wa kushoto kugusa B flati ya chini na kuruka papo hapo kwenda kushika kordi nene (noti nyingi kwa pamoja) huko juu. Kwa mwendo huo mruko unatisha. Schnabel aliamua kuiamini ile namba. Noti zilimponyoka, ndiyo, na sitamtetea kwamba kila kosa lilikuwa la lazima. Ila sikiliza inavyosukuma! Wengine wanaijenga sehemu hiyo kama mnara na unabaki kuutazama. Yeye anakukamata mkono na kukimbia nawe. Halafu mvushe binti mpaka sehemu ya tatu, ile ya polepole, kisha aniambie kama bado anahesabu noti.

Kuhusu ukoo. Schnabel alizaliwa 1882 Lipnik, siku hizi ni Poland, akapelekwa Vienna angali mtoto. Huko alipita kwa Anna Essipova, kisha akaingia kwa Theodor Leschetizky, mwalimu aliyekuwa akifuatwa na watu kutoka kila pembe ya Ulaya. Leschetizky alifundishwa na Carl Czerny, yuleyule ambaye watoto wetu wanamjua kwa mazoezi ya vidole. Czerny alifundishwa na Beethoven. Mnyororo ni wa kweli.

Lakini mimi siamini kwamba kuna siri iliyopitishwa mkono kwa mkono. Leschetizky alikuwa fundi wa kutoa wapigaji wa kung'ara, wa kuinua ukumbi. Kwa huyu mtoto aliona kitu kingine, akamwambia hatakuwa mpiga piano kamwe kwa sababu yeye ni mwanamuziki. Akamwacha apige sonata za Schubert, ambazo wakati ule karibu hakuna aliyezigusa jukwaani. Hapo ndipo ninapouona ukoo: mwalimu mkubwa alimtazama mwanafunzi asiyefanana naye, akampa chakula chake. Schnabel naye baadaye alisema anavutwa tu na muziki ambao ni bora kuliko unavyoweza kupigwa. Mtu mwenye imani hiyo hawezi kurekodi ili rekodi iwe kamili.

Funguo88, Nairobi

Nimefurahia sana maelezo haya, lakini naomba kutofautiana kidogo na Pedali kwa heshima. Mtoto wa kidato cha tatu akipewa Schnabel kama mwalimu wa kwanza wa masikio, atajifunza pia haraka ile ya Schnabel, maana kwenye sehemu za kasi alikuwa na tabia ya kuharakisha hata pale ambapo Beethoven hajaomba. Mimi ningempa mpiga piano Wilhelm Kempff. Alirekodi sonata zote mara mbili kwa kampuni ya Deutsche Grammophon, kwanza miaka ya 1950 na tena 1964 na 1965. Ile ya pili ina sauti safi, na kwa Adagio kama hii mguso wake ni mwepesi, anaimba bila kulazimisha. Kempff pia alifundisha sana: kuanzia 1957 alikuwa akiwakusanya vijana Positano, Italia, kusoma Beethoven tu.

Na kuna Annie Fischer wa Hungary, ambaye watu wanamsahau. Yeye alichukia studio. Alianza kurekodi sonata hizi Budapest mwishoni mwa miaka ya 1970, akawa anarudia na kurudia vipande kwa miaka, hajaridhika, na seti yote ikatoka baada ya kifo chake mwaka 1995. Nasema hivi kwa sababu tusifikiri kukata na kuunga utepe ni udanganyifu. Kwa Annie Fischer ilikuwa njia ya kutafuta ukweli, na moto wake umebaki pale pale. Msikilize kwenye Opus 111.

Pedali_ya_Kulia, Dar es Salaam

Funguo88, kwa Annie Fischer umenigusa, sina ubishi hata chembe. Kuhusu kuharakisha pia uko sahihi, hasa mwisho wa sehemu za kasi. Lakini Adagio ya Opus 13 haina hatari hiyo, na Schnabel kwenye sehemu za polepole ndipo alipokuwa mfalme. Binti asikilize wote wawili, Kempff na Schnabel, siku tofauti.

Mwl_Vidole, Morogoro

Asanteni sana, nimeelewa mengi. Sasa niwaulize tatizo lenyewe la darasani, maana hapo ndipo ninapokwama.

Kwenye ile Adagio mkono wa kulia unafanya kazi mbili. Wimbo uko juu, kwenye kidole cha pete na cha mwisho, na chini yake kidole gumba na cha shahada vinapiga zile noti ndogo za kati bila kupumzika. Binti anapiga zote kwa uzito mmoja, wimbo unazama. Nikimpigia mfano, anauiga vizuri mno, mpaka mahali ninapovuta pumzi. Wiki ijayo nikimpa ukurasa mwingine wenye tatizo lilelile, hajui aanzie wapi. Nikimpa rekodi naona atamwiga Kempff badala yangu. Hao mabwana wakubwa walifundishaje hasa?

Pedali_ya_Kulia, Dar es Salaam

Mwalimu, hapa umefika penyewe. Acha nikueleze habari za mpiga piano Leon Fleisher, mwanafunzi wa Schnabel.

Alizaliwa San Francisco 1928. Schnabel alikuwa hapokei watoto. Kondakta Alfred Hertz akamwalika Schnabel nyumbani kwa chakula cha jioni, na wakati wageni wanakula, kijana akaingizwa kimyakimya na kuketishwa kwenye piano. Walipotoka mezani wakamkuta amekaa tayari kupiga. Schnabel akamsikiliza, akamkubali, kwa sharti kwamba aache kupiga mbele ya watu. Mwaka 1938, akiwa na miaka tisa, Fleisher akaenda Tremezzo, kando ya Ziwa Como, Italia, ambako Schnabel alifundisha. Kumbuka Schnabel alikuwa Myahudi, na alikuwa ameondoka Berlin 1933 baada ya Hitler kushika madaraka. Hakurudi tena Ujerumani. Mama yake aliyebaki Vienna alipelekwa kambi ya Theresienstadt na kufia huko 1942. Darasa lile la ziwani lilikuwa la mtu aliyeng'olewa kwake.

Masomo yalikuwa hivi: wanafunzi wote wanakaa chumba kimoja, mmoja anapiga, wengine wanasikiliza na noti mkononi. Wanaweza kukaa kwenye mistari michache kwa muda mrefu sana, wakiuliza sentensi ya muziki inaelekea wapi, noti ipi ndiyo kituo, ipi ni njia tu. Fleisher alikaa naye miaka kumi. Akaja kuwa Mmarekani wa kwanza kushinda shindano la Malkia Elisabeth kule Brussels, 1952, na rekodi zake za konserto za Beethoven na Brahms akiwa na kondakta George Szell na orkestra ya Cleveland ningezichukua kabla ya nyingi za leo.

Kisha katikati ya miaka ya 1960 mkono wake wa kulia ukagoma. Kidole cha pete na cha mwisho vikaanza kujikunja vyenyewe kuelekea kiganjani. Vidole vilevile ambavyo binti yako anahangaika navyo! Baadaye sana ndipo ugonjwa ukapewa jina, distonia, yaani misuli kujikaza yenyewe. Kwa miaka karibu thelathini alipiga vipande vya mkono wa kushoto peke yake, vingi vikiwa vimeandikwa kwa ajili ya Paul Wittgenstein, aliyepoteza mkono wa kulia kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Wittgenstein naye, ajabu, alipita kwa Leschetizky. Miaka ya 1990 Fleisher alipata nafuu kwa sindano za Botox na kukandwa misuli, akarudi kupiga kwa mikono miwili, na 2004 akatoa sahani.

Jambo ninalotaka ulishike ni lile lililotokea darasani. Alikuwa akifundisha chuo cha muziki cha Peabody, Baltimore, tangu 1959. Kabla ya mkono kugoma, mwanafunzi akikwama alikuwa anamsogeza pembeni na kumwonyesha. Baada ya hapo hakuweza. Alisema mwenyewe kwamba hilo lilimfanya mwalimu bora, kwa sababu ilibidi atafute maneno. Mwanafunzi hakuwa na cha kuiga. Alipewa swali, akarudi nalo kwenye piano. Kwa njia hiyo walitoka watu wasiofanana hata kidogo: André Watts, Yefim Bronfman, Jonathan Biss. Ukisikiliza hao watatu mfululizo huwezi kusema wametoka darasa moja, na kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa ya mwalimu. Fleisher alifariki Agosti 2020 akiwa na miaka 92, na alifundisha karibu hadi mwisho.

Kwa hiyo kwa binti yako, jaribu hivi. Usimpigie mfano hata mara moja kwa kipindi kizima. Kwanza aimbe, bila piano. Noti tatu za mwanzo ni C, kisha inashuka B flati, kisha inapanda E flati. Muulize: ile B flati ni kituo au ni hatua ya kujivuta ili upande? Aijibu kwa kuimba, kwa namna mbili tofauti, na achague. Akisha kuchagua, apige wimbo peke yake kwa vidole vya pete na mwisho, na zile noti za kati azifanye kwa mkono wa kushoto, besi aiache. Mikono miwili itagawana kazi na sikio lake litajua uzito anaoutaka. Baada ya hapo ndipo arudishe zote mkono wa kulia. Gumba lisibonyeze, likae juu ya funguo na kuzishusha tu. Mkono utatafuta njia kwa kuwa sikio tayari linadai kitu.

Rekodi azisikilize baada ya kuchagua, wala si kabla. Hapo Schnabel anakuwa mtu wa kubishana naye: "Mimi nimepita pale bila kusimama, yeye amesimama, kwa nini?"

Mti_wa_Mpingo, Mombasa

Naongeza kidogo. Schnabel alihariri pia sonata zote 32, kazi ya miaka ya 1920. Kurasa zimejaa maelekezo yake. Maandishi yake mwenyewe yamechapwa kwa herufi ndogo ili yasichanganyike na ya Beethoven, na juu ya mistari ameweka namba za Kirumi kuonyesha sentensi moja ya muziki ina baa ngapi (vile vyumba kati ya mistari wima). Namba hizo ndizo zitamsaidia binti, maana zinajibu "inaelekea wapi" kwa macho. Vidole alivyopendekeza vina ugumu wa makusudi mahali pengi. Anakupa kidole kisichokaa vizuri ili usiweze kukimbia mahali ambapo muziki unataka uchelewe. Mtoto mwenye mkono mdogo abadilishe bila hofu. Vipimo vya metronomu ndani ya sehemu moja navyo vinabadilikabadilika sana, wala asivifuate kama sheria. Pembeni awe na chapa nyingine safi isiyo na maoni ya mhariri, alinganishe.

Na huyo Jonathan Biss aliyetajwa hapo juu ameandaa masomo ya sonata za Beethoven kwenye mtandao wa Coursera, kupitia chuo cha Curtis cha Philadelphia, tangu 2013. Anazungumza na kupiga. Ukitumia simu, shusha ubora wa video, sauti inabaki nzuri na bando haliishi.

Mwl_Vidole, Morogoro

Hili la kuwapa mikono miwili kazi ya mkono mmoja sikuwahi kulifikiria. Mti_wa_Mpingo, hiyo chapa ya Schnabel napata wapi bila kuagiza nje? Na Pedali, swali dogo: kule katikati inapoingia A flati ndogo (minor) na noti zinakuwa tatu tatu, wimbo uko juu na besi inajibu. Nako aanze kwa kuimba?

Mti_wa_Mpingo, Mombasa

Iko IMSLP, maktaba ya noti ya mtandaoni, ni bure. Tafuta Opus 13, shuka mpaka kwenye orodha ya wahariri, utaliona jina lake. Chapisha kurasa za sehemu ya pili tu, faili zima ni kubwa.

Pedali_ya_Kulia, Dar es Salaam

Ndiyo, aimbe, lakini pale muwe wawili. Yeye aimbe ya juu, wewe mjibu kwa besi, kisha mbadilishane. Zile tatu tatu mwacheni nje kabisa kwanza. Akianza kukukatiza kabla hujamaliza kujibu, au akikusubiri kupita kiasi, mtalisikia wote wawili hapohapo. Wimbo wa mwanzo unaporudi baadaye, noti za kati zinabaki tatu tatu, hazirudi kuwa mbili mbili kama mwanzo. Usimwambie. Muulize kama ameona kilichobadilika, na kwa nini Beethoven hakurudisha kama ilivyokuwa. Ukipata jibu lake liandike hapa, ningependa kulisoma.